Mara Saba kwenye Karai

Kama umekaa kwenye benchi la wagonjwa wa kifua, na nyumbani kuna mtu anakuambia kwamba kumeza dawa ni kumtilia Mungu shaka, haya nimekuandikia wewe. Wengine wanaweza kusoma pia. Mimi si mhubiri wala daktari. Niliachia shule darasa la saba, nikawa fundi wa makochi, na ninachosema hapa nimekitoa kwenye madaftari mawili niliyokuwa nikiandika nilipougua. Majina nimeyabadilisha. Pale ambapo sina hakika nimesema sina hakika, na pale ambapo mtu alinitendea wema nimeandika wema wake, hata kama mtu mwenyewe ninamdharau. Na nitawadharau watu kadhaa kabla sijamaliza, nikianza na mimi mwenyewe.

Tulikuwa tunakaa Shauri Moyo, chumba kimoja, mimi na mke wangu na binti yetu Robai. Kikohozi kilianza Januari, wakati wa vumbi. Kazi yangu ilikuwa kujaza makochi karibu na Gikomba, na kila fundi wa makochi hukohoa, maana makombo ya sponji na nyuzi za magunia huingia puani zikakaa humo kama wapangaji. Kwa hiyo nilikohoa bila wasiwasi. Mwezi wa pili nikatoboa tundu jipya kwenye mshipi. Mwezi wa tatu nikatoboa mengine mawili.

"Niaje, fundi?" kijana mmoja wa karakana akaniuliza. "Mbona siku hizi suruali ndiyo inakuvaa?"

Nilicheka nao. Miaka ile ukikonda, watu walikuwa na jibu moja tu, na hawakulitamka mbele yako. Walianza tu kukuletea chai kwenye kikombe kimoja kila siku, kikombe ambacho hakuna mwingine aliyekigusa.

Mvua za masika zilipoanza nilitema damu kwenye kitambaa kipya cha mteja, kitambaa cha rangi ya maziwa. Nilikikata kipande kile nikakisokomeza mfukoni kama mwizi. Mama Robai alikikuta alipokuwa akifua. Hakupiga kelele. Alipangusa mikono, akavaa viatu, akasema, "Twende."

Tulikwenda kliniki moja ya upande wa Makadara. Baada ya kupima makohozi mara tatu wakaniambia ni kifua kikuu, kwamba kinapona, na kwamba nitachomwa sindano sitini, moja kila siku, pamoja na vidonge. Zikiisha hizo, nitaendelea na vidonge vingine miezi sita. Nisikose hata siku moja. Hiyo ndiyo amri niliyopewa. Ilikuwa fupi na haikuwa na muziki.

Nikueleze benchi letu. Lilikuwa limewekwa mwisho kabisa, chini ya dirisha lisilo na kioo, ili upepo utubebe sisi na vitu vyetu. Mbele yetu walikaa akina mama na watoto wachanga. Sista wa sindano alikuwa ndani, nyuma ya kidirisha kidogo. Hakutoka. Hakuita jina. Aliita, "Kifua! Namba kumi na nne!" na akina mama wote waligeuza nyuso za watoto wao upande wa ukuta. Wakati huo huo mtu wa watu, fundi aliyejulikana mpaka Kaloleni kwa mishono yake, anainuka na kushusha suruali nusu.

Mwili nao ulibadilika. Mkojo wangu ukawa rangi ya soda ya machungwa, na siku ya kwanza nilidhani ninakufa mpaka mzee mmoja wa benchi akaniambia ni dawa tu, wote tunakojoa soda. Midomo ilikufa ganzi kila baada ya sindano. Makalio yangu yakawa kama kochi lililojazwa na mwanafunzi, huku gumu, huku bonde. Masikio yakaanza kupiga mluzi mwembamba usiokatika. Lakini kufikia sindano ya thelathini nilikuwa namaliza sahani mbili za ugali, na Robai aliniambia, "Baba, leo hukukohoa tulipokuwa tunaomba." Niliandika hayo kwenye daftari nikayapigia mstari.

Sasa lazima nimtaje ndugu yangu mkubwa.

Zablon amenizidi miaka kumi. Baba yetu alipofariki kule kwetu magharibi, Zablon ndiye aliyenilea, ndiye aliyenileta Nairobi, na ndiye aliyenishika mkono mpaka kwa fundi aliyenifunza kazi. Hayo ni kweli na siyapunguzi. Wakati ninaozungumzia alikuwa anaongoza ushirika wa watu kama arobaini, wengi wa kwetu, uliokutana kila Jumapili kwenye ukumbi mdogo huko Kariobangi na kufundishwa kwamba mwenye imani haendi hospitali. Nyumbani tulimwita Baba Enosi, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Ukumbini aliitwa Mtumishi. Hata mkewe alimwita Mtumishi. Mgeni mmoja aliwahi kusema "Baba Enosi" katikati ya ibada, akarekebishwa kutoka mbele, mikrofoni ikiwa wazi, akaomba msamaha kana kwamba amevunja kioo.

Mwezi wa tano nilimkuta Mtumishi kwenye kliniki ile ile, benchi la meno. Shavu lilikuwa limefura kama andazi, na kilemba cha mkewe kimefungwa kuzunguka taya.

"Baba Enosi, hata wewe?" nikamwuliza.

"Hata mimi nini?" akasema kwa upande wa mdomo uliobaki.

"Hospitali."

"Jino si ugonjwa," akasema. "Jino ni mfupa."

Akaitwa, akachomwa sindano ya ganzi, akang'olewa mfupa wake, akaenda zake. Nilimwona kwa macho haya mawili. Na mwezi uliofuata nikamtii. Kwa hiyo ukinicheka, anzia hapo.

Jumapili moja ya Juni alihubiri juu ya Mfalme Asa. Kama hukumbuki, Asa alikuwa mfalme wa Yuda aliyeugua miguu uzeeni, na Maandiko yanamlaumu kwamba hata katika ugonjwa ule hakumtafuta Mungu, aliwatafuta waganga. Hilo ndilo neno lililo katika Biblia yetu ya Kiswahili, waganga. Zablon alilipenda neno hilo kama mtoto anavyopenda filimbi. "Waganga!" akapiga meza. "Na mganga ni nani?" Watu wa kwetu ukiwatajia mganga wanaona kibuyu na manyoya ya kuku, kwa hiyo ukumbi mzima ukatetemeka. "Msidanganywe na koti jeupe," akasema. "Yule ni mganga aliyefua nguo."

Walicheka, na mimi nikacheka. Kisha akaniita mbele.

"Ibrahimu aliambiwa amlete mwanawe," akasema, mkono wake begani kwangu. "Hakuuliza swali. Alitii. Wewe ndugu yangu hujaambiwa ulete Robai. Unaambiwa ulete vidonge tu. Je, Mungu amekuomba kitu kikubwa?"

Leo ningemjibu kwamba Ibrahimu aliambiwa na Mungu mwenyewe, na mimi niliambiwa na Zablon. Jibu hilo lilinijia baada ya miezi miwili, nikiwa kitandani. Siku ile niliitoa pakiti mfukoni, nikaiweka mezani, watu wakalia kwa furaha. Baadaye nikaambiwa nikaimwage chooni, na nikaimwaga. Nilikuwa nimechomwa sindano arobaini na tatu.

Kwenye daftari langu siku hiyo imeandikwa: Leo nimemtii Mungu. Nimeacha maneno hayo yabaki, lakini ni uongo. Ukweli ni huu. Ijumaa kabla ya Jumapili ile nilimwuliza sista juu ya mluzi wa masikio, nikainama kwenye kidirisha, naye akasema kwa sauti ya kusikika mpaka langoni, "Wewe wa kukohoa, usinipumulie! Geuka huko." Watu walicheka. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeapa kwamba mwanamke yule hatanichoma tena. Zablon alinipa tu njia ya kutoka iliyopambwa maua. Watu wengi wanaosema wameacha dawa kwa ajili ya Mungu, ukiwachimba, utakuta sista fulani aliwafokea. Sisemi wote. Mimi nilikuwa hivyo.

Mama Robai alinisubiri nikae, akasema, "Baba Robai, Mtumishi akikuambia utembee kwa magoti mpaka Kisumu, utakwenda na watu wakuimbie njiani. Sista anakuambia ukae kwenye benchi, unakataa. Hilo benchi lina nini?"

Nikamjibu kwamba wanawake hawaelewi mambo ya imani. Niliandika jibu hilo pia. Alichukua kadi yangu ya kliniki akaisukuma chini ya godoro, upande wake.

Julai ikaingia, na baridi ya Nairobi ya Julai unaijua, jua halionekani wiki nzima, na watu wanafungua maduka wakiwa wamevaa makoti mawili. Kikohozi kikarudi. Zablon hakushtuka. Alisema Mungu amemwonyesha habari za Naamani.

Naamani alikuwa kamanda wa jeshi la Shamu, mtu mkubwa mwenye ukoma. Alikwenda kwa nabii Elisha na farasi wake wote, akaambiwa ajichovye mara saba katika mto Yordani, akatii, ngozi yake ikawa kama ya mtoto. Zablon aliona kwamba mimi nami nijichovye mara saba, asubuhi saba. Mto wa karibu yetu ulikuwa ule mweusi wa taka unaopita nyuma ya Gikomba, na hata yeye hakuwa na imani ya kiasi hicho. Kwa hiyo akachagua karai la kufulia, kwenye mfereji wa pamoja, mbele ya watu, kwa sababu Naamani naye hakujificha.

Nilikaa mle ndani na kaptura, asubuhi saa moja, ukungu ukiwa chini. Karai la kufulia halikutengenezwa kwa ajili ya mtu mzima. Nikizama kifua, magoti yanatoka. Nikizamisha magoti, kifua kinabaki nje. Zablon alisimama na Biblia akihesabu, na wazee wawili wa ushirika wakawa mashahidi. Alipofika mara ya tano, mzee mmoja akainua kidole.

"Mtumishi, magoti hayakuingia."

Wakajadiliana. Mimi niko mle ndani, meno yanagongana, wao wanajadili magoti yangu. Mmoja akasema Naamani alizama mwili wote. Mwingine akasema Yordani ni mto, hili ni karai, Mungu anaelewa. Zablon akafikiri, akasema kwa upole kabisa, "Tuanze upya kuhesabu."

Jirani yetu Mama Halima alikuwa amekuja na ndoo yake. Ni mama Mwislamu aliyetujua tangu tuhamie pale. Aliitua ndoo chini.

"Baba Robai," akasema, "sisi tunatawadha kwa sala tano. Wewe saba? Umetupita mbili."

"Ni imani, Mama Halima."

"Naona. Sisi lakini tunaruhusiwa kupasha maji moto."

Asubuhi ya tatu nilikuwa na homa. Ya tano nilishikwa mabega kuingia, nikashikwa mabega kutoka. Ya saba sikumbuki vizuri, na sitajifanya nakumbuka. Najua kwamba waliimba. Siku mbili baadaye nilitema damu kikombe kizima, na Mama Robai hakumwuliza mtu yeyote. Yeye na Mama Halima walinitoa nje, wakanisimamishia mkokoteni wa mtu aliyekuwa anapeleka viazi sokoni, wakanilaza juu ya magunia, tukafuata Barabara ya Jogoo mpaka Makadara. Kadi ilikuwa kifuani kwa mke wangu.

Sista aliisoma kupitia kidirisha. "Arobaini na tatu," akasema. "Kisha hakuna. Ulikuwa wapi?"

Sikuwa na nguvu ya kutunga uongo. "Nilikuwa naoga, sista."

"Unasema?"

"Alikuwa anaoga," mke wangu akasema. "Ni hadithi ndefu."

Hapo ndipo sista alipotoka. Ilikuwa mara ya kwanza nimtazame kutoka kiunoni kwenda chini, maana kule ndani nilikuwa nikimpa mgongo. Alikuwa mwanamke mfupi, miguu imevimba, amevaa ndara za mpira. Alinishika mkono kwa nguvu, akanipumulia nami nikampumulia, akafoka mpaka gari likapatikana la kunipeleka hospitali kubwa. Lazima niseme hivyo. Nilikuwa nimemchukia mwezi mzima, na nikaingia garini mkono wangu ukiwa begani mwake.

Nililala wadini wiki tano. Waliniambia tunaanza moja. Zile arobaini na tatu zilikuwa zimepotea kama sikuwahi kuchomwa.

Zablon alikuja kila siku saa za kutazama wagonjwa. Alileta uji wa wimbi kwenye chupa, alinishika kichwa nikanywa, na mara moja nilimwona akilia akiwa amegeukia ukuta. Kisha alipangusa macho akasema, "Unaona sasa kukosa imani kunavyofanya?" Sijui mtu anafanyaje mambo hayo mawili kwa mkono mmoja. Nimejaribu kumwelewa na nimeshindwa.

Kitanda cha jirani kulikuwa na mzee wa kutoka Tanga aliyekuwa na Biblia ya herufi kubwa. Nilipomsimulia juu ya waganga alicheka mpaka akaanza kukohoa. "Kwetu," akasema, "daktari anayesimamia hospitali anaitwa mganga mkuu. Kabandikwa mlangoni hivyo. Hakuna anayetetemeka." Akaniazima Biblia yake, na kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine, nikasoma mwenyewe yale niliyokuwa nasomewa.

Ya Asa nikayasoma mara tatu. Analaumiwa kwa kutomtafuta Mungu. Sikuona mahali panaposema kwamba dawa ndiyo iliyomwua. Nikasoma pia ya Mfalme Hezekia, aliyekuwa karibu kufa kwa jipu, akalia, akasikiwa, na nabii Isaya mwenyewe akaagiza tini ziletwe ziwekwe juu ya jipu. Tini! Nabii amekwisha kupewa ahadi ya uponyaji, na bado anatuma watu wakalete dawa. Zablon amesoma Biblia miaka ishirini. Ama hakufika hapo, ama alifika akapita haraka.

Kisha Naamani. Hapo ndipo nilipoona aibu yangu yote. Nabii hakutoka hata mlangoni kumwona. Alimtuma mtu amwambie, nenda ukajichovye. Naamani akakasirika, akaondoka. Alitaka atokewe, asimamiwe, apungiwe mkono, kitu kikubwa kifanywe. Na waliomrudisha ni watumishi wake. Walimwambia kwa adabu kwamba angeambiwa jambo kubwa angelifanya, basi kwa nini asifanye hili dogo. Soma mwenyewe uone kama nimekosea. Watumishi, watu waliopanguza farasi, ambao hata majina yao hayakuandikwa. Mimi nilikuwa na Mtumishi mwenye mikrofoni, naye alinirudisha kutoka kwenye dogo akanipeleka kwenye kubwa. Aliyeniambia neno la watumishi wale alikuwa mke wangu, akiwa ameketi kwenye kigoda, na nilimwambia haelewi imani.

Kwa hiyo nikarudi kwenye benchi langu. Mvua za vuli zilinikuta sindano ya sitini. Krismasi nilikuwa kwenye vidonge. Mluzi wa masikio haukuondoka, na mpaka leo sisikii vizuri maneno ya watoto wala birika linapochemka. Hiyo ni kazi ya zile sindano, nami siifichi. Dawa ilichukua chake. Siku za vidonge nilisali kabla ya kumeza, kila asubuhi, sala fupi. Sikuona mapambano yoyote kati ya sala na kidonge. Vilipita koo moja.

Masika yaliyofuata nikamaliza. Makohozi yalikuwa safi. Nikadhani mambo yamekwisha.

Lakini Zablon alikuwa akiwasimulia watu habari zangu muda wote huo. Katika habari zake, niliponywa Julai, asubuhi ya saba, kwenye karai. Mambo ya wadini yalikuwa ni shetani kujaribu kurudi, akashindwa. Nilisikia hayo kutoka kwa Rasoa, mwanamke kijana wa ushirika aliyeuza dagaa wa omena Gikomba. Alikuja karakana, akakaa kwenye kochi lisilo na mgongo, na nilipoitazama mikono yake ilivyokonda nikajua kabla hajasema.

"Kaka, nimechomwa kumi na tisa," akasema. "Mtumishi ananiambia nilete vidonge Jumapili. Anasema wewe utashuhudia, nikuone ulivyonenepa, nitaamini."

"Na wewe unasemaje?"

"Nimechoka na lile benchi. Nasubiri nikusikie."

Sikulala usingizi mzuri wiki ile. Usidhani ni ujasiri. Nilijiuliza kama nina haki ya kumwumbua mtu aliyenilisha nikiwa mtoto, mbele ya watu wake. Nilijiuliza kama nitafanya kwa ajili ya Rasoa ama kwa ajili ya magoti yangu. Sina hakika mpaka sasa.

Jumapili ilipofika Rasoa alikaa benchi la nyuma, leso imefika mdomoni, pakiti iko mkononi. Mama Enosi, mke wa Zablon, alikaa mbele na akina mama wenzake. Zablon akanyoosha mkono.

"Simama, ndugu. Liambie kanisa mara saba zilifanya nini."

Nikasimama. "Baba Enosi," nikasema.

Aliniangalia kama mtu aliyevuliwa viatu. Sikuwa nimepanga kumwita hivyo, ndilo jina lililotoka.

"Mara saba zilinilaza wadini wiki tano," nikasema.

"Amina!" wakaitikia. Ushuhuda unapoanza, midomo hujiendea yenyewe.

"Nimechomwa sindano mia moja na tatu."

"Amina!"

"Arobaini na tatu za kwanza nilizitupa, kwa sababu ya kiburi changu na neno la Baba Enosi. Vidonge nilivyomwaga chooni ni vile vile nilivyokuja kumeza nikapona."

Amina ya hapo ilitoka kwa watu wawili, nao wakatazamana.

Ushuhuda ukiharibika, kiongozi huanzisha pambio. Zablon akaanzisha, akina mama wakapokea, ngoma ikafuata. Kelele ile masikio yangu hayawezi kuitenganisha na sauti yangu. Mimi nikaendelea kusema, nikidhani nasema kwa kiasi. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba nilikuwa napiga mayowe mpaka watu wa barabarani wakasimama. Nilisema juu ya Hezekia na tini. Nilisema juu ya jino. Nilisema, "Rasoa, usilete hapa kitu chochote, kesho nenda kliniki," na hilo, wanasema, lilisikika juu ya ngoma.

Zablon alinisubiri mlangoni. Hakunipigia kelele.

"Nilikulea," akasema.

"Ulinilea."

"Na wewe ndiye wa kunifundisha kutii?"

Nilimwambia, "Baba Enosi, nisamehe kwa jino." Kwa yale mengine sikuomba msamaha. Alinipita. Tunasalimiana kwenye matanga, basi.

Jumatatu nikaenda Makadara, ingawa sikuwa na cha kuchomwa. Nikakaa chini ya lile dirisha mpaka saa sita. Rasoa hakuja. Jumanne nikaenda tena, hakuja. Nikarudi nyumbani nikijiita mjinga aliyeuza ndugu yake bure.

Jumatano nilimkuta. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, amekunja mikono, na kando yake amekaa Mama Enosi na kikapu tupu cha soko.

"Umeniaibisha mbele ya kanisa zima," Rasoa akaniambia kabla ya salamu. "Ulitaja jina langu."

"Nilikutaja. Ni kosa langu."

"Sikuja kwa sababu yako. Nimekuja kwa sababu Mama Enosi amenivuta."

Nikamshukuru shemeji yangu kwa kumsindikiza mgonjwa. Akanitazama kwa dharau ambayo nilistahili, nadhani, lakini hakunieleza. Alisema tu kwamba nyumbani ameaga anakwenda kununua mboga za sukuma, na hana muda mwingi.

Rasoa akaitwa, akaingia, akatoka akichechemea. Kisha sista akaita namba iliyofuata. Nikatazama huku na huku nione ni nani. Mama Enosi akafungua mkono mwingine, ule uliokuwa chini ya leso, na mlikuwa na kikopo cha makohozi kilichofunikwa kwa karatasi.

"Tangu Januari," akasema polepole. "Shika kikapu, shemeji."

Nikakishika.